Majivu ya Dukani

Niliombwa niwaambie wanawake kumi na wawili kwamba kostiki ni majivu, nikakubali. Hakuna aliyenishika shati. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika karakana moja mjini Arua, nina kikombe cha chai ya maziwa mkononi, na aliyeniomba alikuwa akitabasamu. Ningeweza kuweka kikombe chini na kusema hapana. Chai ilikuwa nzuri, mazungumzo yalikuwa mazuri, nikasema sawa.

Ili jambo hili lieleweke, sina budi kuanza na chungu cha mke wangu.

Mimi ni mtu wa Pajulu, Mlugbara. Mke wangu ni Mkakwa wa Koboko. Tulikutana Sudan, upande wa Yei, miaka ile watu wa West Nile tulipokimbia kwa miguu na magodoro kichwani. Mimi sikujua Kikakwa, naye hakujua Kilugbara cha kutosha hata kunitukana, kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili cha sokoni na cha kambi za askari, kile kisichojali ngeli. Nimesoma hadi kidato cha nne na Kiswahili cha vitabu nimejifunza mwenyewe baadaye, lakini nikiwa na mke wangu sithubutu kukitumia. Angenicheka.

Huko ukimbizini hatukuwa na chumvi. Yeye alikusanya mabua ya ufuta na maganda ya kunde, akayachoma, akayatia majivu katika chungu kilichotobolewa matundu chini, akaweka nyasi kidogo za kuchujia, akamimina maji juu taratibu. Chini yake kulikuwa na chungu kingine cha kukinga. Maji yalidondoka yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Kwetu kila mwanamke anajua kazi hiyo: maji ya majivu hulainisha maharage, hufanya majani ya kunde yabaki kijani, na pasipo chumvi, huwa ndiyo chumvi. Ila si kila mwanamke anajua kipimo. Yakiwa hafifu mboga inapooza. Yakizidi inawasha koo. Na kipimo ni ulimi. Mke wangu alikinga maji kidogo katika kiganja, akayavuta kwa midomo, akafumba macho. Kama hayajafika alisema, "Bado." Yakifika alisema neno moja tu: "Iko."

Nilioa hilo neno, naweza kusema. Watu wazima walimletea vyungu vyao aonje, naye alikuwa msichana tu.

Tuliporudi nyumbani nilipata kazi katika shule moja ya sekondari, katika maabara. Nisidanganye: sikuwa mwalimu. Nilikuwa mhudumu. Nilisafisha mirija ya kioo, nilichanganya dawa kabla ya mitihani, nilifunga kabati. Wanafunzi waliniita mwalimu kwa adabu, na mimi sikuwasahihisha hata mara moja kwa miaka yote niliyokaa pale.

Nilipostaafu nilikuwa mtu wa kukaa tu. Siku moja ya kiangazi mke wangu aliniachia chungu jikoni. Alikuwa akichemsha maji ya majivu yapungue, ili abaki na chumvi yake ngumu ya kuweka, naye akaenda shambani kuchimba muhogo. Nilitakiwa kukoroga. Sikuona mwiko, nikachukua kipande cha bua la mtama kilichokuwa karibu, nikakoroga, kisha nikakisahau ndani ya chungu nikasinzia kitini. Niliamshwa na sauti yake.

"Baba ya watoto! Nani ametia takataka ndani ya chungu yangu?"

"Si takataka. Ni mwiko."

"Mwiko iko hivi?" Aliinua kile kipande kwa kijiti. Hakikuwa bua tena. Kilining'inia kama nywele zilizolowa, nyuzi tupu, laini, na maji yaliyobaki chunguni yalikuwa meusi kama kahawa. "Tazama. Umepika bua yako mpaka imekuwa nyama ya mbuzi."

Alitaka kuzitupa. Nilizichukua, nikazisuuza, nikazianika juu ya bati. Zilipokauka zilishikana zikawa kitu chembamba, kigumu, cha rangi ya mchanga. Nilichukua kalamu nikaandika juu yake. Wino haukusambaa.

Nilikuwa nimeiona kemia hiyo ubaoni nikiwa nimesimama nyuma ya darasa na kitambaa cha kufutia. Bua, liwe la mtama au la mahindi, ni nyuzi zilizoshikamanishwa na gundi. Nyuzi zinaitwa selulosi, gundi inaitwa lignini. Gundi hiyo ndiyo inayolisimamisha bua wakati wa upepo, na ndiyo inayofanya ng'ombe atafune siku nzima. Maji makali ya majivu yakichemka huiyeyusha gundi ikaenda na maji, nyuzi zikabaki peke yake. Nilimweleza mke wangu yote hayo kwa fahari kubwa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo shule yako na chungu yangu," alisema, "inajua kitu moja."

Tulianza wawili. Mwaka uliofuata tulikuwa wengi. Wanawake wa Pajulu walikuja baada ya mavuno, wakati mabua yamelala mashambani yakingoja kuchomwa. Mengine tuliletewa kwa pikipiki kutoka Ajia, yamefungwa kwa kamba mpaka dereva haonekani. Tuliyakata urefu wa kidole, tukayaloweka, tukayachemsha kutwa nzima katika nusu pipa kwa maji ya majivu. Kisha kuosha, kutwanga kinuni, kuyakoroga katika karai la maji, na kuyachota kwa fremu yenye chandarua. Mke wangu ndiye aliyeanzisha wimbo wa kutwanga. Sauti yake ilikuwa nene kwa mwanamke, nayo ilifika mpaka barabarani.

Maji meusi nayo hatukuyamwaga. Ukiyatia asidi, lignini inaganda na kuzama kama tope la kahawia. Tulijaribu ndimu na ukwaju, ikazama kidogo tu. Basi nikanunua asidi ya betri kwa fundi wa magari. Ile kazi nilifanya mwenyewe, mbali na watu, nimevaa glavu na miwani, na chupa niliifungia sandukuni kwa kufuli. Tope lile tulichanganya na vumbi la makaa, tukabumba makaa ya kupikia. Zamani watu waliyashikiza kwa unga wa muhogo, yaani kwa chakula. Wanawake walifurahia hilo kuliko karatasi yenyewe.

Ngoja nilirudie jambo hilo la kufuli. Asidi niliifungia kwa sababu kila mtu anaiogopa asidi. Nisingeifungia, ningeulizwa.

Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja aliyekimbia kutoka Yei, mjane, mkubwa wa umbo, asiyekaa kimya. Alifika kwetu kuuza samaki mkavu akabaki kutwanga. Mke wangu alimpenda tangu siku ya kwanza, maana Yei ndiko sisi tulikopokewa zamani. Mjane huyo alimwita mke wangu dada, na mimi aliniita shemeji, na kwa uhusiano huo akajipa ruhusa ya kunitania.

"Shemeji, wewe nasimamia tu kama kuku kwa mvua. Shika mchi!"

"Mimi ni mtaalamu."

"Mtaalamu ya kivuli!"

Nilicheka kama wengine. Siku zile nilicheka sana.

Ndipo alipokuja yule mtu wa Arua. Zamani alikuwa mwanafunzi katika shule ile niliyofanya kazi. Sikumkumbuka, lakini yeye alinikumbuka. Sasa alikuwa na karakana ya mifuko ya karatasi, kwa kuwa maduka mengi yalitaka kuachana na ile ya plastiki. Alishika karatasi zetu, akazivuta, akazinusa. Alisema angechukua nyuzi zote tutakazotoa, zikiwa mbichi, hata bila kuzifanya karatasi. Alichotaka ni wingi. Na wingi, kwa maji ya majivu, haukuwezekana. Majivu ya bua zima ni kijiko. Pipa moja lilitula siku nzima, na kuni.

Aliniita Arua tuzungumze. Akaniwekea kiti, akaagiza chai na chapati.

"Mwalimu," alisema, "wewe unajua kostiki soda kuliko mimi. Nyuzi zitatoka kwa saa mbili. Mimi nitaleta ndoo, wewe utachanganya."

Nilijua. Kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, nilikuwa nikiipima kwa kijiko cha mbao miaka mingi. Niliwahi kuona tone lake likila ngozi ya mwanafunzi. Nikamwambia wanawake watahitaji glavu, miwani, viatu vya mpira, na mafunzo.

"Tutafika huko," alisema. "Ila nakuomba moja, mwalimu. Usiwatishe mapema. Ukisema kostiki, kesho hakuna mtu. Waambie ni majivu, lakini ya dukani. Si uongo sana. Kazi ni ile ile, au sivyo?"

Kikemia kazi ni ile ile. Hilo ndilo lililonishinda: uongo wenyewe ulikuwa na shule ndani yake. Na tangu nistaafu, hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniita mwalimu mara nyingi hivyo katika asubuhi moja.

Nikasema sawa.

Nilirudi nyumbani nikawaambia wanawake, mke wangu akiwa mbele, kwamba mteja ameleta majivu ya dukani, makali kidogo kuliko yetu, na kwamba nitayachanganya mimi. Niliwakataza kuyaonja. Niliwakataza kweli. Waliponiuliza kwa nini, nilisema mteja hataki mikono mingi katika dawa yake.

"Sasa mate yangu itaharibu karatasi ya watu?" mke wangu aliuliza, na wote wakacheka.

Nilichanganyia nyuma ya nyumba. Glavu zilikuja jozi mbili, nikavaa moja, nyingine nikawapa wapokezane. Maji ya kostiki ni meupe, hayana rangi ya chai. Niliona wataulizana. Nikachukua majivu ya jikoni, konzi moja kwa kila jerikani ya njano, nikatikisa, nikaacha yatuame. Yakapata rangi. Hiyo konzi ya majivu haikuombwa na mtu wa Arua. Ni yangu.

Siku ya tatu au ya nne, mjane wa Yei alibeba jerikani mojawapo akaiweka chini upesi.

"Shemeji, hii kitu iko moto."

"Imekaa juani," nilisema.

"Jua ya wapi? Ilikuwa ndani ya kivuli na wewe." Aliweka kiganja ubavuni mwa jerikani. "Mimi nilikuwa napika sabuni kule Yei. Maji ya majivu hapana pata moto peke yake. Ile ya sabuni ndiyo inapata moto. Hii iko ya sabuni."

Wanawake waliacha kutwanga, wakanitazama. Mke wangu naye alinitazama, si kwa shaka, bali kama mtu anayengoja mumewe ajibu ili kazi iendelee. Nilisimama wima. Nikamweleza mjane yule mambo ya joto la myeyuko, kwa maneno ya Kiingereza niliyoyakariri kutoka ubaoni, mpaka akaangalia chini.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye ulisoma."

"Usimsumbue mzee," mke wangu alimwambia kwa upole. "Yeye anajua hii mambo."

Baada ya siku hiyo mjane hakunitania tena. Nilidhani amenipa heshima.

Kazi ilikwenda. Lazima niseme ilikwenda vizuri. Nyuzi zilitoka kwa saa mbili, safi, ndefu, na lori dogo lilikuja kila wiki. Mmoja wa wanawake aliezeka nyumba kwa mabati. Vidole vya watatu vilichubuka, nikawapa mafuta ya ng'ombe wapake, nikasema ni mabua. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo nitawaeleza.

Kisha mtu wa Arua akaleta wageni wawili kutoka Kampala, mwanamume na mwanamke, watu wa kuangalia miradi. Nilivaa koti langu la mazishi na harusi. Nilisimama kati ya pipa na karai nikafundisha. Nilisema selulosi, nilisema lignini, niliinua tope la kahawia katika bakuli, nikawaonyesha makaa. Mgeni mwanamume aliandika. Mtu wa Arua alisimama pembeni akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja neno gumu. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa na miaka sabini, na hatimaye nilikuwa na darasa.

Mgeni mwanamke hakutaka kunisikiliza mimi tu. Alimgeukia mke wangu aliyekuwa ameketi karibu na zile jerikani.

"Na wewe, mama," alimwuliza, "mnajuaje kama maji yamekuwa makali ya kutosha?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza mke wangu swali tangu wageni waingie. Hata mimi nilipotaja chungu, nilikitaja kama changu. Niliona uso wake unafunguka. Aliinuka, akajifuta mkono kwenye kitenge, akainamisha jerikani.

"Sisi tunajua kwa ulimi," alisema. "Tangu bibi zetu. Ngoja nikuonyeshe."

Maji yakaingia kiganjani.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilifungua mdomo. Nikamwona mgeni na kalamu yake, nikamwona mtu wa Arua, nikawaza nitasema nini baada ya kusema acha. Muda huo ulikuwa wa pumzi moja. Sijui kama pumzi moja ingetosha. Najua kwamba niliitumia kuwatazama wageni.

Aliyavuta kama alivyokuwa akiyavuta tangu msichana, akafumba macho.

Hakusema bado, wala hakusema iko. Macho yalifunguka, akanitafuta mimi. Alidhani nitajua la kufanya.

Aliyejua ni mjane wa Yei. Alimshika kabla hajaanguka, akamwinamisha kichwa, akampitishia maji safi mdomoni, kikombe baada ya kikombe, yakimwagika yenye damu, na huku akipiga kelele. Mtu mmoja alimletea maziwa. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la tope la kahawia. Niliambiwa baadaye kwamba nililiweka chini polepole, kwa uangalifu, lisimwagike.

Tulimpeleka hospitali mjini kwa gari la wageni. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Aliuliza amekunywa nini. Mjane wa Yei alinitazama. Mke wangu naye alikuwa akinitazama kutoka kitandani, mdomo umevimba, hawezi kusema.

"Kostiki soda," nilisema.

Daktari aliuliza kiasi gani cha kostiki kwa lita. Nilimjibu bila kusita, kwa gramu. Mke wangu alinisikia nikijibu. Aliinua mkono wake wa kulia, akakunjua kiganja kilichokuwa chekundu, akakitazama muda mrefu. Kisha akakifunga.

Alilazwa majuma mengi. Kidonda cha mdomo kilipona, cha koo kilipona vibaya. Koo likikakamaa baada ya kuungua, njia inakuwa nyembamba, na madaktari walilazimika kuipanua kwa mpira, mara hii, na tena, na tena. Uji mwepesi ulipita. Mchuzi uliochujwa ulipita. Ugali wa muhogo na mtama, chakula alichokula kila siku ya maisha yake, haukupita tena. Na ulimi haukujua kitu. Niliwahi kumwekea chumvi katika uji bila kumwambia, nione. Alikunywa wote, uso haukubadilika. Hata jaribio hilo sikupaswa kulifanya.

Sauti ilirudi ikiwa kama ya mtu anayekwaruza bati. Jambo la kwanza aliloniuliza, tukiwa tumekaa uani hospitalini, lilikuwa hili:

"Ile maji ilikuwa na rangi. Uliweka majivu ndani?"

"Niliweka."

"Ya nini?"

"Ili yafanane na yako."

Alifikiri. Kulikuwa na mwanamke mwingine karibu anaanika nguo za mgonjwa wake, na mke wangu alingoja mpaka huyo apite.

"Basi ulijua mimi nitaangalia," alisema. "Ulijua mimi naangalia rangi. Ukajua nikiona rangi nitaamini." Akameza mate kwa shida. "Watu ingine hapana jua hiyo. Ni wewe tu unajua."



Mtu wa Arua alikuja hospitalini mara mbili na alilia kweli, simsingizii. Aliniita mwalimu, nikamwomba asiniite hivyo. Baadaye alipata nyuzi mahali pengine. Mimi nilikwenda kwa wanawake, nyumba kwa nyumba, nikawaambia kilichokuwa ndani ya jerikani. Baadhi walinikaribisha chai. Wengine walinisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni. Mjane wa Yei alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ile siku uliniongelesha Kiingereza, nilijua. Mutu mwenye kuwa na jibu hapana hitaji Kiingereza." Nilimshukuru, kwa kuwa ilikuwa haki yake kuniambia.

Kundi linaendelea, chini ya mjane huyo. Wamerudi kwenye majivu. Wanachemsha kutwa, wanatoa karatasi chache nzito zenye vipande vya bua vinavyoonekana, na watu wa Arua wanazinunua kwa kutengenezea kadi za harusi. Mabua yanayobaki wanayarudisha shambani. Kila pipa lina mwonjaji mmoja, naye huchuja maji ya majivu mwenyewe tangu mwanzo, hapokei kutoka kwa mkono wa mtu. Hiyo ndiyo sheria yao, na wanajua kosa langu ndilo lililoileta. Mimi huwa naenda kuwakatia mabua siku za Jumanne. Nakata urefu wa kidole, sifundishi.

Mke wangu hakurudi Pajulu. Alipotoka hospitali mara ya mwisho alisema, "Nakwenda Koboko kwanza." Nilidhani hiyo kwanza yake ni mwezi mmoja. Anaishi kwa mdogo wake, mwanamke mcheshi mwenye kibanda cha kuuza viazi karibu na barabara. Namtembelea. Hanifukuzi. Ananiuliza habari za wajukuu, ananiambia shati langu limekosa kifungo, anakishona. Watu wanaopita wakituona tumeketi pale wanaweza kufikiri tuko sawa.

Kiangazi kilichopita nilichoma mabua ya ufuta, nikatafuta chungu chake cha zamani, nikatandika nyasi, nikamimina maji taratibu. Ilinichukua siku mbili. Nilionja mwenyewe kila saa. Ulimi wangu si mwerevu, lakini nilionja. Nilijaza chupa moja nikapeleka Koboko, kwa kuwa mdogo wake alikuwa ameniambia dada yake bado anapenda mchuzi wa majani ya kunde, uliochujwa, ingawa hasikii ladha. Anapenda harufu yake na ile rangi ya kijani.

Alipokea chupa, akaiinua kwenye mwanga. Rangi ya chai.

"Nani alitengeneza?"

"Mimi. Kwa chungu yako."

"Onja."

Nilimimina kiganjani, nikayavuta mbele yake, nikameza. Alinitazama kooni. Alingoja, nadhani, kwa muda ambao mtu akiungua angekuwa ameshaungua. Kisha akageuza kichwa.

"Kuja hapa," alimwita mdogo wake. "Onja hii."

Mdogo wake aliona aibu kwa ajili yangu. "Dada, shemeji ameshaonja."

"Wewe onja."

Yule mdogo wake alichovya kidole, akakiweka ulimini, akaangalia kando asikutane na macho yangu. "Iko," alisema.

Ndipo mke wangu alipoinuka na chupa akaenda jikoni, akatia maji yale katika sufuria ya kunde. Aliupika, akauchuja, akaunywa mchuzi wote, na akanipa majani yaliyobaki pamoja na ugali. Yalikuwa kijani sana.

Nilikubali kuwaambia wanawake kwamba kostiki ni majivu. Kwa sababu hiyo mke wangu, aliyekuwa akiwaonjea watu wote, hawezi kula ugali wala kusikia chumvi, na hakuna kitu kinachotoka mkononi mwangu ambacho atakiweka mdomoni kabla mtu mwingine hajakionja.